Safari ya Fainali: Siku Tano za Raga, Magomeni na Masaki

Ijumaa, 27 Oktoba 2023

Nimeondoka Morogoro kwa basi la saa moja asubuhi nikiwa na begi moja, kiroba cha mchele kwa ajili ya mkaza mjomba, na jezi ya kijani ya Afrika Kusini ambayo niliikunja katikati ya khanga zangu ili mjomba asiione kabla sijapata nafasi ya kuzungumza naye. Kesho usiku, huko Saint-Denis nje kidogo ya Paris, Afrika Kusini na New Zealand zinacheza fainali ya Kombe la Dunia la raga. New Zealand ililitwaa kombe hilo mwaka 1987, 2011 na 2015. Afrika Kusini mwaka 1995, 2007 na 2019. Atakayeshinda atakuwa wa kwanza kufikisha makombe 4, na mtu anayewafundisha wasichana wa sekondari mchezo huu katika uwanja wa vumbi, kama mimi, hawezi kuridhika kusimuliwa mechi ya namna hiyo.

Ndani ya basi watu walizungumza mpira tangu Msamvu hadi Chalinze, lakini ulikuwa mpira wa miguu: Simba iliyotolewa na Al Ahly Jumanne mjini Cairo kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2–2 kwa Mkapa na ya 1–1 huko, na pambano la watani wa jadi linalokuja tarehe 5 Novemba. Nilipomwambia jirani yangu kwamba nakwenda Dar kuangalia raga, alifikiri kidogo, akaniuliza kama ni ule mpira wa yai, kisha akaongeza swali ambalo nimetembea nalo mchana kutwa: “Sasa wewe Mtanzania, hapo mtani wako nani?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nimezaliwa na kukulia Mazimbu, mahali ambapo wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walijenga shule yao katika shamba la mkonge la zamani na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mama yangu aliwauzia maziwa. Makaburi yao bado yapo, na hadi leo nikipita hapo napunguza mwendo. Kwa hiyo nilipoanza kuipenda timu ya kijani niliona ni jambo la kawaida kabisa, kama kumshangilia mtoto wa jirani aliyehama zamani. Ila nyumbani kwetu yupo mtu mmoja ambaye kwake jambo hilo halijawahi kuwa la kawaida.

Nilifika stendi ya Mbezi mchana, nikapanda gari hadi Kimara, na kutoka hapo mwendokasi hadi Magomeni Mapipa. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chakula cha jioni, nilimwomba mjomba twende pamoja kesho. Aliuliza timu zipi. Nilipozitaja, aliweka kikombe chini.

“Kesho mtakuwa mnawatazama wadeni wangu wote wawili wakigombea kombe,” akasema. “Mimi nitalala.”

Kisa chake nakifahamu tangu utotoni, lakini usiku huu alikisimulia upya, na nilikisikiliza kwa makini kuliko siku zote. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, huko huko New Zealand, Filbert Bayi, mkimbiaji wetu, alikimbia mita 1,500 akiongoza tangu mlio wa bastola hadi kwenye utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, huku John Walker, kijana wa nyumbani, akimfukuza hadi hatua ya mwisho. Mwaka uliofuata Bayi alivunja rekodi ya maili moja mjini Kingston, na miezi mitatu baadaye Walker akaivunja hiyo ya Bayi. Dunia nzima ilisubiri wakutane Montreal kwenye Olimpiki ya 1976. Mjomba, aliyekuwa mkimbiaji wa mashindano ya shule na kijana wa miaka 22, alisubiri kama anayesubiri mwezi wa Idi.

Kisha raga ikaingia. Wiki chache kabla ya Montreal, wakati damu ya watoto wa Soweto waliopigwa risasi tarehe 16 Juni haijakauka, timu ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini kucheza na makaburu. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Zikajibiwa kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Nchi zaidi ya 20 zikasusa, Tanzania ikiwa miongoni mwao, na Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, sekunde 7 nzima nyuma ya muda wa Christchurch. Mjomba huitaja namba hiyo bila kuangalia popote, kama mtu anavyotaja tarehe ya msiba.

“Mwalimu alifanya sawa,” akaniambia, “na ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Lakini wao walicheza mpira wao, mwanangu, sisi ndio tukalipa.”

Jezi imebaki ndani ya khanga.

Jumamosi, 28 Oktoba

Asubuhi nilizunguka Kariakoo nikitafuta jezi ndogo za raga kwa ajili ya wanafunzi wangu, na sikupata hata moja. Jioni mtaa mzima ulikuwa kwenye vibanda umiza ukiangalia Real Madrid ikiifunga Barcelona 2–1, na nilipopita kwenda kituoni vijana walikuwa wangali wakibishana kuhusu mabao ya Bellingham.

Mahali tulipoangalia fainali ni baa moja Masaki yenye uwanja mpana na turubai kubwa jeupe lililotundikwa kati ya minazi miwili. Nilialikwa na vijana wa hapa Dar wanaocheza raga mwishoni mwa wiki, na kwa makadirio yangu nusu ya waliokuwepo walikuwa Waafrika Kusini wanaofanya kazi mjini, weusi na weupe, wamevaa kijani. Katika meza moja walikaa watu wanne wa New Zealand wamevaa nyeusi. Waliobaki walikuwa Wakenya, Waganda na sisi wenyeji, na hapo ndipo niliposhangaa, kwa sababu Wakenya karibu wote walikuwa upande wa New Zealand.

Nilimuuliza dada mmoja wa Kisumu, mfanyakazi wa benki, sababu ni nini. Alinijibu bila kusitasita kwamba Afrika Kusini ni kaka mkubwa anayekula na wageni: kila mwaka inacheza na New Zealand, Australia na Argentina, klabu zake zinashiriki ligi ya Ulaya, ilhali Kenya inahangaika kwenye mechi za kufuzu na mwaka jana ilifungwa 36–0 na Namibia ikakosa nafasi tena. “Kwa nini nimpigie makofi mtu asiyekuja kwangu?” akasema. Mmoja wa vijana wetu akamwuliza kama Kenya kweli inajua raga, naye akamkumbusha Singapore, Aprili 2016, raga ya wachezaji saba kila upande, Kenya 30, Fiji 7. Kisha akatuuliza sisi tuna nini. Tulinyamaza. Zipo klabu kama Dar Leopards na Arusha Rhinos zinazojitahidi, lakini ukweli ni kwamba katika raga Mkenya ana haki ya kututania, na tulistahimili kama inavyostahimiliwa katika utani.

Saa nne kasoro dakika chache zilianza kuimbwa nyimbo za taifa, na hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga. Wimbo wa Afrika Kusini huanza na “Nkosi Sikelel' iAfrika”, sala aliyoitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, na sauti yake ndiyo sauti ya wimbo wetu. Waafrika Kusini walisimama na kuimba kwa lugha yao. Mimi na Watanzania wengine saba au wanane tulisimama pia, bila kukubaliana, tukaimba “Mungu ibariki Afrika” juu ya sauti ile ile. Mhudumu aliyekuwa amebeba sinia alisimama wima nalo mkononi. Wimbo wao ulipogeuka na kuingia sehemu ya Kiafrikaans, sisi hatukuwa na maneno tena, tukabaki tumesimama kimya hadi mwisho.

Mechi yenyewe ilichezwa kwenye mvua, na kwa mtu anayependa mbio za wazi haikuwa na mbio nyingi. Ilikuwa mechi ya kukaba. Pieter-Steph du Toit wa Afrika Kusini peke yake aliangusha wapinzani mara 28, na kila alipoanguka na mtu mwingine nilisikia meza zikipigwa. Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alitolewa kwa kadi ya njano, ambayo katika raga humtoa mchezaji kwa muda, na baada ya picha kupitiwa upya ikageuzwa kuwa nyekundu, ya kwanza katika historia ya fainali za wanaume. Kwenye meza ya watu wanne wa New Zealand hakuna aliyepiga kelele. Mwanamume mmoja mzee alivua kofia na kuiweka juu ya goti. Handré Pollard alipachika penalti 4 katika kipindi cha kwanza, wakaenda mapumziko 12–6, na baada ya hapo Afrika Kusini haikupata pointi hata moja.

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kuliko saa inavyoweza kupima. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, naye alipata kadi ya njano. Aaron Smith wa New Zealand aliweka mpira chini nyuma ya mstari wa Afrika Kusini, yaani trai, Wakenya wakaruka juu, kisha trai ikafutwa kwa sababu mpira ulikuwa umeangushwa mbele mapema zaidi. Dakika ya 58 Beauden Barrett aliweka trai ambayo hakuna aliyeweza kuifuta: 12–11. Mo'unga akakosa pointi mbili za nyongeza. Dakika ya 73 Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini alitolewa kwa kadi ya njano, akaketi pembeni akiwa amejifunika uso kwa jezi, asiweze kutazama, na Jordie Barrett wa New Zealand akapiga penalti kutoka mbali sana ikapita nje ya nguzo. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

Ilipomalizika, ikiwa karibu saa sita usiku, Waafrika Kusini hawakushangilia papo hapo. Kwanza walikaa chini kama watu waliotua mzigo, kisha wakalia, na ndipo nyimbo zikaanza. Robo fainali waliishinda Ufaransa 29–28, nusu fainali wakaishinda Uingereza 16–15, na sasa 12–11. Ni wiki tatu za kuishi kwa pointi moja moja. Mwanamke mmoja mweusi na kijana mmoja mweupe walicheza pamoja toyi-toyi, ngoma ya wapigania uhuru, katikati ya meza. Nimeiona toyi-toyi Mazimbu nikiwa mtoto, ikichezwa makaburini, na sikutegemea kuiona tena ikichezwa Masaki kwa ajili ya jezi hii.

Nilikwenda kwenye meza ya watu wanne kuwapa pole. Yule mzee wa kofia alinishukuru, akaniuliza natoka wapi, na nilipomtajia Mazimbu alinitazama kwa muda. Aliniambia kwamba tarehe 25 Julai 1981, akiwa mwanafunzi, alikuwa mmoja wa mamia walioingia uwanjani Hamilton wakashikana mikono katikati hadi mechi ya Springboks, timu ya Afrika Kusini ya makaburu, ikafutwa. Alisema mashabiki waliwarushia chupa walipokuwa wakitoka, na kwamba baba yake hakuzungumza naye mwaka mzima. Nilirudi Magomeni kwa bajaji saa saba na nusu usiku, nikiwa na habari hiyo kifuani kama barua ya kupelekwa kwa mtu.

Jumapili, 29 Oktoba

Mjomba alikuwa amekwisha kutoka nilipoamka. Nilimkuta kwenye kijiwe cha kahawa, na matokeo anayo, kwa kuwa kijana anayeuza magazeti alimwambia.

“Umeshangilia?”

“Nimeshangilia, mjomba.”

Alinisogezea kashata, jambo lililonipa moyo, lakini kabla sijaanza barua yangu mtu mwingine alitangulia. Ni jirani wa kijiwe hicho, mwanamume wa umri wangu, aliyeishi Durban miaka sita akiwa kinyozi. Aprili 2015, wageni waliposhambuliwa mjini humo, aliacha viti, vioo na mashine zake na kurudi nyumbani na begi la nguo. Alizungumza polepole, bila hasira ya kuonekana. “Walinifukuza kwa sababu mimi si wa kwao,” akasema. “Leo wakishinda mnaniambia Afrika imeshinda. Afrika ipi? Ile iliyonifukuza au nyingine?”

Wapo waliojaribu kumjibu kwamba wachezaji si wale waliomfukuza. Mimi sikujaribu. Nilikuwa nimelala usiku ule nikiwa na furaha kamili, na maneno yake yaliiondolea ukamilifu, na naona ilikuwa haki yaiondolee. Mtu aliyepoteza kazi ya miaka sita halazimiki kuipigia makofi bendera aliyokimbia chini yake. Mjomba, ambaye ana deni lake la miaka 47, alimwagizia kahawa ya pili.

Tulipobaki wawili nilimweleza kuhusu mzee wa Hamilton. Alisikiliza hadi mwisho.

“Hiyo mechi iliyofutwa niliisikia redioni,” akasema. “Ila sikuwahi kudhani kwamba miongoni mwao ningemjua mtu.”

“Humjui bado, mjomba.”

“Sasa namjua kidogo. Baba yake alimnunia mwaka mzima.”

Aliuliza kuhusu nahodha. Nilimweleza kwamba Kolisi ametoka Zwide, kitongoji cha watu weusi katika jiji lililokuwa likiitwa Port Elizabeth, na kwamba mwaka 2018 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springboks. Kwamba mwaka 1995, Mandela alipovaa jezi namba 6 mbele ya dunia na kumkabidhi kombe François Pienaar, katika kikosi kizima mchezaji asiye mzungu alikuwa mmoja tu, Chester Williams. Na kwamba Kolisi huvaa namba hiyo hiyo 6. Nilimfungulia simu nikamwonyesha anavyoinua kombe. Aliishika kwa mikono miwili, mbali na uso kama wanavyofanya wazee, akaitazama mara mbili. Kisha akanirudishia bila neno.

Jumatatu, 30 Oktoba

Jioni nilikwenda Coco Beach kuwaaga vijana walionialika. Walikuwa wakicheza mchangani na watoto wa hapo, na mtoto mmoja wa miaka kama 10, kila timu yake ilipokaribia kufungwa, alikuwa anakaa chini na kujifunika uso kwa fulana, akimwigiza Kolbe. Watoto wengine walimfuata. Nilitamani wanafunzi wangu wangekuwepo.

Dada wa Kisumu alikuwepo pia, na bado amenuna. Kwake fainali iliharibiwa na kadi na trai iliyofutwa, na lawama zote amempa mwamuzi Wayne Barnes. Sikubaliani naye: Cane alimgonga mtu kichwani, na kanuni ya kichwa ni lazima iwe kali, la sivyo wasichana ninaowafundisha wataumia. Hata hivyo nakiri kwamba timu iliyobaki na watu 14 kwa karibu saa nzima na kushindwa kwa pointi moja ina haki ya kwenda nyumbani kichwa juu, na nilimwambia hivyo. Alisema afadhali hilo.

Usiku tulisikia kwamba Rais Ramaphosa ametangaza tarehe 15 Desemba kuwa siku ya mapumziko kwa heshima ya ushindi huo. Mkaza mjomba alishangaa kwamba nchi inaweza kupumzika kwa ajili ya mpira. Mjomba alikuwa anawaza jingine. “Tarehe 16 ndiyo siku ya Umkhonto,” akasema, na ni kweli, kwani Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, lilianza kazi tarehe 16 Desemba 1961. Sikujua kwamba bado anaikumbuka.

Jumanne, 31 Oktoba

Nilikuwa niondoke leo, lakini mkaza mjomba alinizuia hadi kesho alfajiri, nami namshukuru. Timu imerejea nyumbani, na usiku tuliiona kwenye taarifa ya habari: maelfu ya watu wamefurika uwanja wa ndege Johannesburg, wanaimba, wamebebana mabegani, weusi na weupe na machotara. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, amegeukia dirishani, anasikiliza nusu. Ndipo mtangazaji akautaja uwanja kwa jina lake kamili: Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Oliver Tambo.

Mjomba aligeuka. “Ongeza sauti,” akasema.

Aliniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi Morogoro, ANC ikiwa na ofisi zake hapo na karibu na mkutano wao mkuu wa mwaka 1969, siku moja alimwona Tambo, kiongozi wao, akitembea kwa miguu na watu wawili, amebeba mkoba wa karatasi, na kwamba mwalimu wake aliwaamuru wanafunzi wote wavue kofia. Katika miaka yote hii hakuwahi kunisimulia hilo. Tulitazama watu wakipanda juu ya vizuizi ili wamwone Kolisi.

“Mama yako hapa ameniambia kuna jezi kwenye khanga zako,” akasema bila kuniangalia, akimaanisha mkaza mjomba. “Ilete.”

Niliileta. Aliikunjua, akapapasa kwa kidole gumba alama ya swala iliyofumwa kifuani, upande wa kulia.

“Ndiyo hii waliyokuwa wakiivaa makaburu?”

“Ndiyo hii hii, mjomba.”

Hakuivaa, wala hakunirudishia. Aliikunja mara mbili, akaiweka mapajani, na taarifa ya habari ilipoisha ilikuwa bado iko hapo.